Wakili wa bure anapomwambia jaji "rufaa hii haina mashiko"

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika jimbo la California kule Marekani, wakili aliyeteuliwa na mahakama kumtetea mfungwa maskini aliwaandikia majaji wa rufaa barua fupi. Alisema hatawasilisha hoja yoyote kwa kuwa, kwa maoni yake, rufaa hiyo haina mashiko. Akaongeza kuwa amekwenda kumwona mteja wake, amemweleza anavyoona, na kwamba mteja mwenyewe anataka kujiandikia. Barua ikaishia hapo.

Mteja huyo akiitwa Charlie Anders, na kosa alilopatikana nalo ni kumiliki bangi. Aliomba wakili mwingine, akanyimwa. Akakaa gerezani akajiandikia hoja zake mwenyewe, mawakili wa serikali wakazijibu, naye akawajibu. Januari 1959 rufaa yake ikatupwa. Mwaka 1965 alirudi kugonga mlango wa mahakama, safari hii si kwa swali la bangi tena bali kwa swali hili: je, mtu aliyepewa wakili na serikali, kisha wakili huyo akanawa mikono kwa barua ya mistari michache, kweli alikuwa na wakili?

Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na jibu lililotolewa tarehe 8 Mei 1967 linaongoza mahakama nyingi za nchi hiyo mpaka leo. Nalileta hapa petu Pwani kwa sababu Kenya nayo inatembea kuelekea mahali pale pale. Katiba yetu ya 2010 na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 zimeahidi kuwa maskini atapewa wakili pale ambapo bila wakili atadhulumika. Mawakili hao wanapoongezeka, lazima itafika siku mmoja wao atafungua faili, alisome, na aone hana la kumwambia jaji. Afanye nini?

Tuanze na ugumu wa wakili mwenyewe, maana ni rahisi kumlaumu. Wakili ana mabwana wawili. Anamtumikia mteja, na pia ni afisa wa mahakama. Haruhusiwi kusimama mbele ya jaji na kubuni hoja ambayo anajua ni upuzi. Wakili wa kulipwa akifika hapo humwambia mteja kuwa pesa zake zitapotea bure, na mteja akikaidi humtafuta mwingine. Wakili wa kuteuliwa hana mlango huo. Mteja hakumchagua, hamlipi, na hana mwingine wa kumkimbilia. Wakili akibaki anadanganya mahakama, na akiondoka mteja anabaki peke yake na karatasi asizozielewa.

Tena kuna upande ambao wengi wetu tukizungumzia haki za wafungwa tunausahau. Yupo mama ambaye mtoto wake alinajisiwa, au familia iliyovamiwa usiku kwa mapanga. Kila rufaa inayoburutwa miaka na miaka bila hoja yoyote ni kidonda kinachofunguliwa upya. Hao nao wana haki ya kuambiwa kesi imekwisha.

Miaka minne kabla ya uamuzi wa Anders, tarehe 18 Machi 1963, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mbili kwa siku moja. Moja ni ile maarufu ya Clarence Gideon wa Florida, aliyeandika ombi lake kwa penseli akiwa jela, ambayo ilifanya kila mshtakiwa maskini wa kosa kubwa apewe wakili. Ya pili, ya Douglas dhidi ya California, ilisema wakili huyo apatikane pia katika rufaa ya kwanza. Hukumu ya Anders ikaja kueleza wakili wa rufaa ni wa namna gani. Jaji Tom Clark, akiandika kwa niaba ya majaji 6 dhidi ya 3, alisema wakili anaweza kuomba kujiondoa, lakini kwanza aipitie kesi kwa dhamiri safi. Ombi lake la kujiondoa liambatane na maandishi yanayoonyesha kila kitu ndani ya rekodi ambacho huenda kikamsaidia mfungwa, hata kama yeye haamini kitafaulu. Mfungwa apewe nakala na muda wa kusema lake. Kisha mahakama yenyewe, si wakili, iisome rekodi yote na kuamua kama kweli hakuna kitu. Ikipata hoja hata moja ya kujadiliwa, mfungwa apewe wakili wa kuisimamia kabla uamuzi haujatolewa.

Maandishi hayo ndiyo wanasheria wa huko wanayoyaita hati ya Anders. Huandikwa kila siku, hasa katika kesi ambazo mshtakiwa alikiri kosa, na Marekani zaidi ya asilimia 90 ya hukumu za jinai hutokana na kukiri. Mtu amekiri, amefungwa, kisha anasikia kwa wenzake jela kuwa kukata rufaa hakuna gharama. Wakili aliyeteuliwa anafungua faili, halina shahidi wala ubishi wowote. Hapo kweli utamlaumu kwa lipi?

Jaji Potter Stewart, aliyepinga uamuzi huo pamoja na wenzake wawili, aliuona mgongano mara moja. Kama wakili ataonyesha kitu cha kubishaniwa, alisema, basi rufaa si ya bure tena, na kama ni ya bure, ataandika nini? Ni hoja ya kimantiki, na haijapata kujibiwa vizuri. Matokeo yake ni hati ya ajabu ambamo wakili anaandika, "huenda ikadaiwa kuwa polisi walimpekua bila kibali," na mstari unaofuata anaeleza kwa nini dai hilo litashindwa. Mteja anaisoma jela na kuona mtetezi wake amegeuka kiongozi wa mashtaka wa pili. Wisconsin walikwenda mbele zaidi, wakaweka kanuni kuwa wakili lazima aeleze kwa nini kila hoja haifai. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ikaikubali kanuni hiyo. Mimi binafsi naiona ni kumtuma mtu akachimbe kaburi la mteja wake.

Mwaka huo huo wa 1988 lilitokea jambo jingine ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo yote haya. Huko Ohio wakili aliyeteuliwa alileta karatasi ya kuthibitisha tu kwamba rufaa haina mashiko, bila maelezo, na mahakama ikamruhusu aondoke. Baadaye majaji wenyewe walipoisoma rekodi waligundua hoja za maana, wakafuta hata mojawapo ya mashtaka aliyofungwa kwayo mtu yule. Yaani wakili alisema hakuna kitu, na kitu kilikuwamo. Lakini majaji hao hawakumpa wakili mwingine wa kuzipigania hoja zilizosalia, wakaamua wenyewe kimya kimya. Mahakama ya Juu ilisema hapana: mkishaona kuna hoja, mtu huyu hakupaswa kuachwa bila mtetezi. Kesi hiyo ni ya Penson dhidi ya Ohio. Tunajua leo kwamba wakili alikosea kwa sababu moja tu: alipatikana mtu mwingine aliyefungua faili lile.

Si kwamba wakili anayekosa hoja ni mvivu au mwovu. Chukua kesi ya Anders mwenyewe. Miongoni mwa malalamiko aliyoyaleta mwaka 1965 ni kwamba jaji na kiongozi wa mashtaka waliwaambia raia waliokuwa wakiamua kesi yake kuwa mshtakiwa hakusimama kutoa ushahidi, kana kwamba kunyamaza ni kukubali. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi nyingine ya California, kuwa maneno kama hayo hayaruhusiwi. Wakili wa Anders alipoandika barua yake, kanuni hiyo haikuwepo. Lakini kama angeandika ukurasa mmoja tu kueleza yaliyotokea mahakamani, jambo hilo lingekuwa limebaki mahali ambapo mwenye macho anaweza kuliona.

California yenyewe ilikuja kubuni njia nyingine. Tangu mwaka 1979 wakili asiyeona hoja huandika muhtasari wa kesi akionyesha kila jambo liko ukurasa gani wa rekodi, kisha ananyamaza. Hasemi rufaa ni ya bure, wala haombi kuondoka. Anabaki tayari kuitwa, na majaji wanasoma rekodi yote. Mwaka 2000, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilikubali kuwa njia hiyo inatosha, na kwamba kila jimbo linaweza kuwa na utaratibu wake mradi maskini asidhulumiwe. Idaho nao walishasema tangu 1977 kwamba wakili wa kuteuliwa haondoki kabisa kwa sababu ya rufaa kukosa mashiko: abaki, aseme kidogo alichonacho. Nikiulizwa, hizi mbili ndizo za kuigwa. Wakili hasemi uongo, na wala hamsemi vibaya mteja wake.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu tatizo limegeuka kichwa chini. Marekani wanabishana wakili aondoke vipi. Sisi wengi wa wafungwa wetu hawakuwahi kuwa naye. Kwa miaka mingi mshtakiwa wa mauaji, kwa kuwa kesi yake husikizwa Mahakama Kuu, amekuwa akipewa wakili kwa gharama ya serikali. Lakini mshtakiwa wa wizi wa kimabavu, ambaye sheria inamkabili kwa hukumu ya kifo vile vile, husikizwa na hakimu, na mara nyingi amesimama peke yake. Vivyo hivyo mshtakiwa wa kumnajisi mtoto mdogo, anayekabiliwa na kifungo cha maisha. Watu hao ndio waliojaa Shimo la Tewa na Manyani, na rufaa zao huandikwa kwa mkono, mara nyingi wakisaidiwa na mfungwa mwenzao aliyejifunza sheria humo humo ndani.

Kesi iliyokuja kutoa mwongozo ilitoka huku huku kwetu, Malindi. Ni ile ya Jamhuri dhidi ya Karisa Chengo na wenzake wawili, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2017. Mahakama ilisema haki ya kupewa wakili wa serikali si ya kila mtu moja kwa moja. Hakimu au jaji aangalie uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kujilipia, kama ni mtoto, kama anajua kusoma na kuandika, na ugumu wa mashtaka. Wengi wanaikumbuka kesi hiyo kwa jambo hilo. Lakini hoja nyingine kubwa ilikuwa kama jaji wa mahakama maalumu, mfano ile ya Mazingira na Ardhi, ana mamlaka ya kusikiza rufaa ya jinai. Jibu likawa hana, na rufaa zilizosikizwa namna hiyo hazikuwa halali. Angalia hoja yenyewe ilivyo. Haimo katika maneno ya shahidi yeyote, wala haihusu kama mtu aliiba au hakuiba. Iko katika jina la jaji lililo juu ya karatasi. Mfungwa wa Kilifi aliyesoma mpaka darasa la nne angeionaje?

Mfano mwingine ni wa lugha. Tangu mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishaweka kanuni kuwa mtu hawezi kufungwa kwa kukiri kosa mpaka asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema, asomewe maelezo ya tukio, na aulizwe kama anayakubali. Rekodi zetu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mshtakiwa amejibu kwa Kiswahili, Kigiriama, Kipokomo au Kisomali. Mzee wa Kigiriama akijibu "ni kweli nilimchukua yule mbuzi, lakini ni wa marehemu baba", karani anaweza kutafsiri sehemu ya mwanzo tu na faili likasema amekiri. Kesi kama hizo, ukizitazama juu juu, ndizo zinazoonekana kuwa hazina mashiko kabisa. Mtu amekiri, rufaa ya nini? Ni mpaka mtu aketi na kuuliza: palikuwa na mkalimani? Wa lugha gani? Mbona neno "lakini" halipo?

Sheria yetu inayo tayari njia ya kuzitupa rufaa dhaifu. Kifungu cha 352 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa jaji wa Mahakama Kuu uwezo wa kuikataa rufaa bila kuisikiza, ikiwa malalamiko ni kwamba ushahidi hautoshi au adhabu ni kali mno, na jaji akathibitisha kwa maandishi kuwa ameipitia rekodi na kuridhika kuwa hakuna sababu ya kutosha ya kulalamika. Ukikisoma kwa makini utaona kinafanana na kile Jaji Clark alichokitaka. Mtu mmoja mwenye mamlaka aweke sahihi kuwa amesoma. Na katika kesi ya Okeno ya 1972, ambayo mawakili wetu huitaja karibu kila rufaa, mahakama ilisema jaji wa rufaa ya kwanza ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote mwenyewe. Kwa hiyo kwenye karatasi maskini wa Kenya ana msomaji wa faili lake kwa nguvu ya sheria, awe na wakili au asiwe naye. Kama msomaji huyo, mwenye mamia ya mafaili mezani, anapata nafasi ya kusoma kweli, hilo ni jambo jingine.

Ndiyo maana nina wasiwasi na namna tunavyoupokea msaada wa kisheria. Tunahesabu mawakili wangapi wameteuliwa, na hatuulizi wanapoondoka wanaacha nini. Malipo ya kesi hizi ni madogo, na mawakili wenyewe wamelalamika kwa miaka kuwa huchelewa. Mtu anayelipwa kidogo kwa kesi nzima, asome kurasa 300 au 30, ana kila sababu ya kuona mapema kuwa hakuna hoja. Kisha atasimama mbele ya jaji asubuhi moja, aseme kwa mdomo kuwa anaomba kujiondoa, mteja wake yuko kizimbani hajui kinachosemwa, na jaji aliye na kesi nyingi siku hiyo atakubali. Hakuna maandishi, hakuna nakala. Hilo ni baya kuliko barua ya California, kwa sababu ile angalau iliandikwa.

Wala sisemi wakili akatae kumwambia mteja ukweli. Wakati mwingine ukweli huo ndio msaada wenyewe. Mahakama ya rufaa hapa kwetu ina uwezo wa kuongeza adhabu, si kupunguza tu. Mtu aliyepewa miaka 10 kwa kosa ambalo sheria inaruhusu zaidi anaweza kuingia rufaani akatoka na mzigo mkubwa kuliko alioingia nao. Wakili mwema atamweka chini, amweleze hatari hiyo kwa lugha ya nyumbani, na amwache aamue kama ataiondoa rufaa. Uingereza hufanya karibu hivyo: wakili hutoa ushauri kwa maandishi, na akisema hakuna hoja, mfungwa bado anaweza kumwomba jaji mmoja ruhusa ya kukata rufaa. Ila asipokuwa na hoja kabisa, mahakama inaweza kuamuru sehemu ya muda aliokaa jela akisubiri isihesabiwe. Ni ukali, lakini mtu ameonywa kabla.

Tofauti ni nani anaamua. Ushauri ukitolewa faraghani, uamuzi unabaki kwa mfungwa. Wakili akimwambia jaji, uamuzi umeshaegemea upande mmoja kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Kwa hivyo wanaosimamia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, pamoja na wasajili wa mahakama za Mombasa, Malindi, Garsen na Voi, wanayo nafasi ya kuliweka sawa hili kabla halijawa desturi, na si jambo la pesa nyingi. Wakili anayeomba kujiondoa kwenye rufaa ya jinai aandike. Ataje kurasa alizosoma, aeleze mashtaka yalisomwa kwa lugha gani na nani alikalimani, na aonyeshe tarehe aliyoonana na mteja. Asiandike kwa nini mteja atashindwa. Mfungwa apewe nakala yake pamoja na rekodi ya kesi, na asomewe kwa Kiswahili au kwa lugha yake, kisha apewe wiki kadhaa za kujibu. Na jaji, akiitupa rufaa hiyo, aandike kuwa amelisoma faili tangu siku mshtakiwa alipofikishwa kortini mara ya kwanza.

Muda wa kukata rufaa kutoka kwa hakimu ni siku 14 tangu hukumu. Mwenye jamaa aliyefungwa wiki hii asingoje kujua kama atapewa wakili au la: aende masjala ya korti aliyohukumiwa, aombe nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu, na rufaa ipelekwe kupitia ofisi ya gereza. Wakili akija baadaye, atakuta faili lipo. Na akiondoka, faili litabaki mikononi mwa mwenyewe.